Filamu Nilizompelekea Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimejaza filamu kwenye flashi kumi na moja kabla ya chai. Wateja wote wanataka za ngumi, zilizotafsiriwa na DJ. Folda ya zile zisizoulizwa na mtu iko palepale. Ndizo nzuri kuliko zote. Nikimpendekezea mteja, ananiangalia kama nimempa chai ya jana.

Shangazi Bhoke amepiga kutoka Nyakunguru. Baba hatoki tena kitandani. Mapafu, vumbi la miaka mingi ya kuchimba dhahabu. Mchana unamwia mrefu. “Mletee sinema, Ghati. Si ndiyo kazi yako?”

Baba alimfukuza mama nikiwa na miaka tisa. Mama alipofariki Musoma, hakuja kuzika. Hatujawahi kulizungumza.

Jumapili, 9 Machi
Nimeenda. Amebaki mifupa. Niliweka laptop juu ya kiti, karibu na kichwa chake. Filamu ya mzee anayetembea siku tatu na mbuzi kwenda kumwomba mwanawe msamaha. Hakuna bunduki, maneno machache. Sijui kwa nini watu hawaijui. Nilimtafsiria kwa Kikurya.

Mimi sikuitazama. Nilimtazama yeye.

Ilipoisha akasema yule mbuzi alikuwa mzuri. Basi.

Jumapili, 16 Machi
Ya mpiga picha aliyemwacha mkewe, sasa anamtafuta, anakuta ameshazikwa. Nilikuwa na uhakika na hii. Baba alilala katikati. Au alijifanya.

Nimerudi Tarime na hasira.

Alhamisi, 20 Machi
Nimepata nyingine. Baba na binti wamekwama na mvua kwenye lori. Mwishoni baba anakiri. Ningempendekezea kila mtu mjini hapa. Nimeitazama mara mbili, nikitafuta pa kuisimamisha.

Jumapili, 23 Machi
Niliisimamisha baba wa kwenye lori aliposema, “Nilikosea.” Shangazi akaacha kupepeta ulezi.

Baba akahema kwanza. “Ghati. Kila Jumapili unaniletea mzee anayeomba msamaha.”

“Ndiyo, baba.”

“Unataka niseme kama wao.”

“Ndiyo.”

Akageukia ukuta. “Wale wameandikiwa maneno. Mimi sina.”

Nilifunga laptop nikaondoka. Sikuaga.

Jumapili, 30 Machi
Sikwenda. Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Jumatano, 2 Aprili
Shangazi amepiga. Baba anauliza kama ninayo ya kuchekesha. Ninayo. Mafundi wawili wanauza gari moja kwa watu watatu. Nilimwambia nitaileta Jumapili. Ningeweza kwenda kesho. Nilitaka baba asubiri kidogo.

Ijumaa, 4 Aprili
Amefariki asubuhi hii.

Jumatatu, 7 Aprili
Tumezika jana. Watu wengi, wachimbaji wenzake hasa. Sikulia. Nilichota maji, nilipika, nilisalimia wazee, shikamoo baada ya shikamoo.

Leo Shangazi kaniita pembeni. Kumbe kila Jumamosi baba alimwomba amnyoe ndevu. Kumbe Jumapili ile niliyofua nguo alikataa kulala mchana, akaketi ameegemea mito hadi jua likazama, macho mlangoni. Nilimuuliza kama alisema lolote kuhusu mama.

“Hapana,” akasema. “Siwezi kukudanganya.”

Hapo ndipo nililia.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimefungua duka. Wateja wachache. Mchana amekuja nesi mmoja, amehamishiwa hapa kutoka Lindi. Mama yake mzee anaumwa, yuko naye nyumbani. Ameomba nimpendekezee filamu nzuri za kumchangamsha. Majina matatu yalinijia mdomoni.

Nikamuuliza mama anapenda nini.

Akafikiri. Akacheka kwa aibu. Hajui.

“Kamuulize kwanza, dada,” nikamwambia. “Nitakusubiri.”

Ameondoka na flashi yake tupu.