Saa ya Bibi Isilazwe Chali

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Heru Juu. Maharage tumevuna, ila tangu tumzike bibi yako nyumba imepoa. Unauliza kwa nini saa aliyokuachia inaacha kutembea ukiilaza mezani, na kama umpe fundi wa huko Dar.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi saa sokoni Kasulu. Bibi yako aliniletea saa hiyo mwenyewe, mjane kijana aliyekimbia kutoka Burundi. Ya njiani siyaandiki. Niliiweka wima, ikatembea. Nikailaza kifudifudi, ikatembea. Chali, kimya. Nikaifungua, nikaona kimhimili kimoja cha gurudumu kimelika ncha inayokibeba saa ikiwa chali.

"Nitakibadilisha," nikamwambia.

"Hicho cha zamani utakitupa?"

"Hakifai tena, mama."

Akaichukua mkononi mwangu. "Basi iache. Mume wangu aliivaa yote, na mimi naitaka yote."

Baadaye nilimwoa. Saa akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chetu, akiitia ufunguo kila asubuhi. Mimi, fundi, nimelala chini ya mlio wake miaka yote hiyo, na sikuifungua tena.

Tafuta msumari, Neema.

Babu yako