Sufuria ya Bi Zuhura

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya kula

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua Bhoke ndiye anayekusomea, kwa hiyo hujambo dada yangu, na safari hii usiruke mistari. Shikamoo ya Baba mpelekeeni huko huko zizini, maana hatakuja kukaa kitako asikilize karatasi. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma ilifika, au dereva alichulia goti lake? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima, tena mzima wa kuvimba mashavu. Suruali niliyokuja nayo kutoka Tarime sasa hufungwa kwa kubembelezwa.

Anayekuletea barua hii ni fundi mwenzangu anayekwenda likizo Musoma. Atakukabidhi na sufuria mpya yenye kifuniko, na ndani yake kuna kikaratasi kilichokunjwa. Sufuria msiipeleke jikoni na kikaratasi msikikunjue mpaka Bhoke amalize kusoma. Mambo hayo mawili ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Simu ulisema huitaki, kwamba sauti yangu inakuja na kupotea kama ya mtu anayevuka mto. Sawa. Nami kwenye simu nisingeweza kukusimulia haya, ungenikatiza katikati kunigombeza. Kwenye karatasi utavumilia.

Kazi inakwenda. Asubuhi napanda bajaji hadi Raskazone, kwenye maofisi yenye viyoyozi vinavyovuja maji, na jioni natengeneza mafriji ya watu wa mtaani. Joto la huku ni la kumchosha mtu akiwa amekaa. Mwezi wa kwanza nilipata malaria, nikalala siku nne natazama dari, nikatamani hata makelele ya Baba. Lakini yamepita hayo.

Siku ninaondoka, ulinifungia kuku wa njiani ukanipa maagizo mawili. La kwanza, nisisinzie kwenye basi. La pili, "Mtu akikulisha, nawe mlishe cha kwenu, asije akadhani umetoka kwa watu wenye njaa." La kwanza nililivunja kabla hata ya Singida. La pili nililitii, nalo likaniponza. Halafu ukaniuliza, "Huko pwani wanatia nazi kwenye kila kitu. Nani atakutilia nyongo?" Nilicheka, nikapanda basi.

Sasa nikwambie habari za Bi Zuhura. Ndiye mwenye nyumba niliyopanga, mjane wa umri wako, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo haimzuii kusikika nyumba nzima. Anaishi na binti yake Mwanasha, fundi cherehani. Jumapili yangu ya kwanza nilikuwa chumbani nakula mkate mkavu na chai, mara Mwanasha akabisha hodi. "Mama asema uje ule. Asema mtu hali peke yake kama paka." Nikaenda, nikakuta utumbo.

Mama, wewe unajua kuosha utumbo, lakini huyu mwanamke anauogesha. Anaanza na maji ya moto, kisha kisu, anaparua mpaka weusi wote utoke na ile sehemu ya taulo ibaki nyeupe. Ile yenye kurasa kama kitabu anaifunua ukurasa kwa ukurasa. Halafu chumvi, halafu ndimu, halafu anaunusa, na asiporidhika anaanza upya. Unachemka kwa mkaa toka asubuhi na tangawizi na kitunguu thomu. Ukishalainika ndipo zinaingia ndizi mbichi na tui jepesi, na mwisho kabisa lile tui zito, na hapo haondoki jikoni hata akiitwa na nani. Nilikula nikanyamaza. Mwanasha akasema, "Mama, huyu hasemi." Bi Zuhura akamjibu, "Mwache. Mdomo una kazi moja kwa wakati."

Toka siku hiyo kila Jumapili nikitoka kanisani sahani yangu inaningoja, ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu. Hakuna aliyesema ni yangu, ila Mwanasha akikosea akampakulia mtu mwingine humo, mama yake humtazama tu, naye huibadilisha. Nikwambie ukweli, kwa mtu aliye mbali na kwao siku mbili za basi, sahani ni kitu kikubwa.

Basi nikakumbuka agizo lako. Nimelishwa miezi yote hii, mimi sijalisha hata mara moja.

Friji la Mzee Sefu muuza nyama lilipoharibika nilimtengenezea, nikamwagiza utumbo wa mbuzi. Kuhusu kuchinja sikuwa na shaka, Mzee Sefu ni Muislamu na ndiye wanayenunua kwake. Nikamwambia utumbo mwembamba asiukamue, na nyongo aniachie. Alinitazama kama mtu niliyemwomba pembe. "Na hivyo vya ndani?" akauliza. Nikamjibu, "Hivyo ndivyo vyenyewe." Akatikisa kichwa, akafunga.

Nikamwambia Bi Zuhura, "Jumapili hii msipike, napika mimi." Akafurahi mpaka akanitolea sufuria yake nzito, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Asubuhi wakaenda kumjulia hali shangazi yao mgonjwa, nikabaki uani peke yangu. Nikapika kama ulivyonifundisha, Mama. Chumvi tu, hakuna nazi wala bizari. Nikakamua kichuri chenyewe, yale majani aliyoyala mbuzi yakasagika tumboni, nikatia na nyongo kwa ncha ya kidole. Ule mvuke ulipopanda nilisimama pale nikaona kabisa mlango wa jiko lako. Nililia kidogo. Bhoke, hapo soma taratibu.

Waliporudi, wakaswali adhuhuri, wakakaa mkekani. Bi Zuhura akasema bismillahi, akatia kijiko mdomoni. Nikamwona anameza kama anameza kidonge, kisha akaweka kijiko chini polepole.

"Mwanangu," akasema, "humu umetia nini?"

Hapo ndipo mambo yalipotumbukia nyongo, na mtumbukizaji ni mwanao. Badala ya kustuka, nikaeleza kwa fahari. Kichuri ni nini, kinatoka wapi, nyongo inatiwa lini. Hata mikono nilitumia.

Mwanasha akamgeukia mama yake. "Mama, ati ni yale ya tumboni. Yale yenyewe!"

"Astaghfirullah," akasema Bi Zuhura, wala hakupaza sauti. "Hiyo ni najisi, mwanangu. Sisi hatuli." Akainuka. Nikasikia anasukutua bombani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliporudi akasema, "Ahsante kwa tabu yako," akaingia ndani.

Mama, kwetu mtu akikasirika unamsikia kutoka ng'ambo ya mto, halafu yamekwisha. Huku mtu akikasirika anakushukuru. Ningependa anipige na mwiko. Nilikaa na sufuria nzima, nikala kiasi, na kilichobaki sikukiweza. Mara ya kwanza maishani mwangu nilibakiza chakula chako.

Jumapili iliyofuata sikuitwa. Nilirudi kanisani, nikapita uani nikikohoa kama mjinga. Utumbo uko jikoni, naisikia harufu yake. Sahani nikazisikia zinapangwa, za watu wawili. Nikachungulia kwenye kichanja cha vyombo, na ile yangu ya ukingo wa buluu haikuwepo. Nikasema basi, imetupwa. Nikaenda kununua chipsi. Jumapili ya pili vilevile. Salamu alikuwa ananijibu vizuri, "Marahaba, umeamkaje," lakini ndiyo mwisho. Usiku nikawa nahesabu vyumba vingine ninavyovifahamu ambavyo ningeweza kuhamia, na kila nikifikiria kuhama roho inaniuma. Nilikwisha kuwazoea wale watu.

Nikawaza, kosa kubwa ni sufuria. Nimeinajisi sufuria ya marehemu. Jumatano nikanunua mpya, nzito kuliko zote dukani, nikampelekea kwa mikono miwili.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Fidia, Bi Zuhura. Ile yako nimeiharibu."

"Nani kakwambia imeharibika? Najisi si kutu. Huoshwa ikatoka. Nimeiosha, nimeisuuza, imetakata, na jana n'mepikia wali."

"Sasa mbona hamniiti tena?"

Mama, yule mwanamke akainamisha macho. Akawa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua. "N'takwita kwa uso gani?" akasema. "Umen'pikia chakula cha mamako, umeamka alfajiri, nami n'kakiinukia. Mimi mtu mzima. N'mefunzwa chakula cha mtu hakiinukiwi. Kila nikisema leo n'mwite, naona haya."

Kumbe wiki mbili zote yeye ndani anaona haya, mimi nje naona haya, na utumbo unaliwa na watu wawili. Nikamwambia kosa ni langu, nilipaswa kuuliza kwanza wanakula nini na hawali nini. Akasema, "Naam, hapo ulikosea. Kuuliza si ujinga." Hakuona haya kuniambia kosa langu, na nilimpenda kwa hilo.

Halafu akauliza, "Lakini hiyo nyongo, kwenu ni ya nini?"

Nikamweleza unavyosema wewe, kwamba utumbo mtamu mtupu anapewa mgonjwa, mtu mzima wa afya hutiliwa uchungu kidogo apate kujua anakula. Akanitazama.

"Ina maana miezi yote hii n'kikulisha chakula cha wagonjwa?"

Nikaitikia kwa kichwa, maana ndivyo hasa ulivyosema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka Mwanasha akasimamisha cherehani kuja kutazama kuna nini. Sufuria akakataa. "Mpelekee mamako. Mwambie hii imetoka Tanga, kwa Zuhura."

Sasa sikia leo. Nimetoka kanisani, Mwanasha akaja mlangoni. "Mama asema ndoo, uje na mikono yako." Ndoo kwao ndiyo njoo, si ya maji. Nikakuta utumbo uko motoni, umeshaoshwa kwa ile ibada yake yote, na juu ya ungo pana fungu kubwa la majani. Akaniamuru nichambue. Nikatafuna moja. Mama! Uchungu ule ulipanda mpaka masikioni.

"Mnayaitaje?" nikauliza.

"Mchunga. Waota wenyewe shambani, na mwengine huo hapo ukutani. Twaupika kwa nazi, mboga kama mboga."

Mwanasha akadakia, "Lakini mama, mchunga na utumbo! Nani kapika?"

"Leo napika miye," akasema Bi Zuhura. "Mwenzio kwao hawali bila uchungu. Wao uchungu wao watoka tumboni mwa mnyama, wetu waota shambani. Uchungu ni uchungu, ila huu ni halali."

Akaukatakata, akautia baada ya tui jepesi, akakoroga, akaonja, akakunja uso, akaongeza tena. Wakati wa kupakua akaingia chumbani kwake akatoka na ile sahani ya ukingo wa buluu. Haikutupwa. Aliihifadhi kabatini, asije mtu mwingine akapakuliwa humo.

Alikula yeye kwanza. Mwanasha akala akasema si mbaya, akaomba maji, akala tena. Na mimi, nitasemaje. Haukuwa wako, Mama. Ulikuwa na nazi, na nazi hainyamazi. Lakini chini ya ule utamu palikuwa na kitu kinachouma ulimi vilevile, pale pale kinapouma cha kwako. Nilikula sahani tatu. Nina furaha mpaka naona aibu kuiandika.

Kwa hiyo lile swali lako la siku ile ninalijibu leo. Yupo wa kunitilia.

Salamu zangu zimfikie Bibi, umwambie bado nina meno yangu yote. Mjomba mwenye punda umwambie redio yake naikumbuka, nikija nitaitazama. Mwalimu wangu wa la saba umpe heshima zangu ukimwona kanisani. Na Bhoke, asante kwa sauti yako, unaweza sasa kukileta kile kikaratasi. Kikunjue ndani ya nyumba, mlango umefungwa, wala usipumulie karibu. Ni mbegu za mchunga, nyepesi zenye manyoya, zikipata upepo hutaziona tena. Bi Zuhura amezianua mwenyewe kwenye ungo. Mama, zipande nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika.

Amesema baada ya Ramadhani ijayo nitakapokuja likizo atafuatana nami, anataka kumwona mwanamke aliyenifundisha kupika vile. Mimi nimesema karibu, bila kukuuliza. Akifika, mbuzi achinjwe na yule jirani yetu Muislamu mwenye duka. Utumbo wetu sisi upike kwenye sufuria yako ya zamani, utie kila kitu kama kawaida yako, na usinipunguzie. Wa kwake uoshe mpaka uwe mweupe, utie majani hayo, upike kwenye hii mpya. Mpaka siku hiyo ifunike uiweke juu, na nyongo isiiguse hata tone. Hiyo ni ya Bi Zuhura.

Ni mimi mwanao niliyeshiba,
Marwa