Ua Namba Tisa

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Mimi ni jaji! Wilkista wa Bugembe, mpamba harusi, na beji kifuani. Maonyesho ya maua, ukumbi wa Nalufenya, hapa Jinja — michoro, ufumaji, vyungu, kila kitu ni ua. Tuko majaji watatu: Afande Aloysius aliyestaafu magereza, Mwalimu Juliet, na mimi. Sheria ya Afande ni moja na ameirudia mpaka masikio yamechoka: majina yamefunikwa kwa karatasi, jaji hatakiwi kujua kazi ni ya nani. Tunaamua Jumapili. Mshindi anaenda kwenye mashindano makubwa ya Mbale, na majaji wanaenda naye, viti vya mbele. Nimeshashona gauni.

Namba tisa imeniweza. Maua makubwa kama sinia, yameshonwa kwa kitambaa cha kahawia nisichokijua, kigumu kidogo, kinanukia mti. Aliyeshona hayo ana mikono. Si kama yule Gorreti wa ng'ambo ya barabara, mpamba harusi mwenzangu, anayeninyang'anya wateja kwa maua ya plastiki. Sisi tunasalimiana kwa kurushiana vumbi la mifagio tu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Bati limevuja juu ya maua yangu yote ya karatasi. Uji mtupu. Na kesho nina harusi! Ufunguo wa ukumbi ninao mimi — Afande alisema mimi ni mtu wa kuaminika. Shetani, pita mbali.

Jumamosi, 18 Oktoba

Shetani hakupita. Asubuhi nilifungua ukumbi, nikabeba namba tisa. Nikajiambia, ni harusi tu, jioni nairudisha, nani atajua? Nikaitundika nyuma ya viti vya maharusi. Ilipendeza jamani.

Kisha akaingia Nabirye, shangazi wa bibi harusi — senga, wanavyomwita. Akasimama katikati ya hema, mikono kichwani. "Nyabo, leo unazika nani?"

Sikuelewa. Kumbe kile kitambaa ni lubugo, gome la mti linalopondwa mpaka liwe nguo. Huku wanafungia maiti! Mimi mtu wa Kisumu ningejulia wapi? Wazee wakaanza kunong'ona. Mama wa bwana harusi akachukua mkoba wake. Bibi harusi midomo ikaanza kumcheza. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Akainuka Gorreti, kutoka meza ya wageni. Nikasema basi, leo amepata pa kunimalizia. Akasema, tena kwa sauti: "Senga, hayo maua nilishona mimi." Ndiyo, lubugo linafunga maiti, akasema, lakini wafalme nao hutawazwa wamelivaa, na mama yake mwenyewe aliolewa amejifunga hilo hilo. "Ama senga umewahi kuona maiti amefungwa kwa maua?"

Senga Nabirye akasogea, akagusa ua moja, akaligeuza, akatazama mshono wa nyuma. Akauliza kama linapatikana la ukutani. Tukapona! Tulicheza mpaka visigino vikalia. Bibi harusi alikataa kupigwa picha mahali pengine popote.

Nimeirudisha namba tisa ukumbini, nimerudi nyumbani nikicheka, halafu nikakaa chini. Sasa najua kazi ni ya nani. Gorreti amenifunika mimi, akajifunua yeye. Afande akisikia atamtoa. Na mshindi wa Mbale anapewa chumba cha kufundishia kushona, mwaka mzima. Gorreti anafundisha wasichana chini ya turubai, mvua ya jana imewanyeshea. Nikinyamaza je? Lakini hema zima lilisikia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimesema. Nilisimama mbele ya Afande kama mfungwa, nikatoa yote, wizi na harusi, ila jina la mshonaji. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akasema sheria ni sheria: jaji akijua, mmoja anatoka. Kazi au jaji.

Nikavua beji. Roho iliniuma, sitajidanganya — lile gauni! Nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Ndani wakabaki Afande na Mwalimu Juliet. Nikangoja, nikangoja. Kisha vigelegele. Namba tisa!

Gorreti akanipita pale ngazini bila kunitazama. Akarudi.

"Kubeba unajua," akasema. "Jumamosi utabeba tena."

Jumamosi, 25 Oktoba. Mbale

Gauni nimelivaa hata hivyo. Mzigo nimeupakata kutoka Jinja, na kila shimo la barabarani Gorreti ananiambia polepole, utadhani ninaendesha mimi. Mlima Elgon umejifunika wingu. Ukumbi umejaa. Viti vya mbele wamekaa wenye beji, mimi niko sakafuni nyuma ya namba tisa, pini mdomoni. Ua moja limefumuka njiani.

Mama wa kuandikisha alitutazama, akauliza mimi ni nani wa Gorreti. Nikainamisha uso. Gorreti hata hakufikiri.

"Huyu? Huyu ni mwizi wangu."

Yule mama aliangusha kalamu kwa kucheka. Mimi nilicheka mpaka pini ikanidondoka, na Gorreti naye, yule wa mifagio, ameshika tumbo.

Majaji wako kwenye kazi ya jirani sasa. Wanaitazama kwa makini sana, Mungu awabariki, waendelee kuitazama. Gorreti amenipa sindano yake, ile asiyompa mtu. Anasema niache kuandika, nishone upande wangu, yeye anashona wake, kabla majaji hawajatufikia. Haya, naweka kalamu.