Alama ya kijani ya kivuko cha Katsepy

Mahajanga, Jumatano

Kosa la wengi ni kudhani alama ya kijani inasema programu ni sahihi. Inasema tu kwamba programu imefaulu mitihani tuliyoitungia. Nimewaeleza vijana hilo miaka yote, na leo limenirudia.

Niliandika hesabu ya uzito wa kivuko cha Katsepy, nikasahau mizigo iliyo juu ya malori. Jaribio la kuikagua nililiandika mimi pia, kwa usahaulifu uleule. Kompyuta ikaijenga programu, ikaijaribu, ikatia kijani. Rukia, anayekagua kazi yangu kutoka Nosy Be, akaidhinisha kwa dakika moja.

Leo asubuhi skrini ya programu hiyo kivukoni ikaruhusu lori la tatu. Nahodha akaona maji yanakaribia sitaha, abiria wameshakaa, akalirudisha lori nchi kavu. Macho yake ndiyo yaliyokagua.

Nilimpigia Rukia. "Uliisoma?"

"Bakoko, wewe ndiye uliyenifundisha. Mimi nani nimkosoe babu yangu?"

"Na watu wakizama, utawasomea Yasini kwa heshima hiyohiyo?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Heshima ya namna hii naichukia. Imenifanya niwe mtu pekee asiyekaguliwa, na ninasahau mambo siku hizi. Hilo sijamwambia mtu.

Kesho kivuko kinapakia tena. Najiambia: mzee, mpigie Rukia tena leo hii, kabla hajalala, umwambie aandike jaribio la uzito yeye mwenyewe, bila kulifungua lako.