Dawa Aliyonichagulia Muganga Isidore

Baraka, Agosti 2002

Kwa Mama yangu mpenzi, kambini Nyarugusu,

Nakusalimu kwa moyo wote, Mama. Mguu wako umepona? Sisi huku tungali hai, ingawa vita vimetuchosha. Shangazi Émilienne bado anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue ana afya.

Najua unangoja habari za kifafa changu. Tuliporudi kutoka mafichoni Lubondja, Shangazi alinipeleka kwa Muganga Isidore, muuguzi wa kituo cha afya. Mama, mtu yule! Wengine hukaa mbali wakiogopa mate yangu. Yeye alivuta kiti karibu nami. Alikuwa na dawa za aina mbili. Shangazi akamwambia anipe ile yenye nguvu, maana mimi wa kuolewa na nani? Isidore akamjibu: « Mama, muache aseme yeye mwenyewe. » Kisha akaniuliza kama ningependa kuzaa siku moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata wewe. Nililia, nikasema ndiyo.

Basi akaeleza kwamba ile yenye nguvu inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa uti wa mgongo, tena mapema, kabla mama hajajua ana mimba. Akanichagulia nyingine, akaanza na kidogo, akaongeza polepole. Nilianguka tena, nikaungua mkono kwenye mbabula ya makaa. Shangazi akaenda kumfokea: « We unacheza na mutoto ya batu! » Hakukasirika. Aliongeza dawa, akanikataza kuiacha ghafula hata tukikimbia. Na tulipokimbia tena, alinifungia vidonge vya kutosha kabla hajafunga nguo zake mwenyewe.

Tangu hapo sijaanguka. Alphonse, mvuvi wa Swima, aliambiwa yote kabla ya kunioa. Akasema yeye anakoroma vibaya sana, kwa hiyo tuvumiliane.

Sasa kaa chini, Mama. Nilikuficha jambo kwa sababu niliogopa: Isidore alisema hatari imepungua, haijaisha. Jumapili nimejifungua msichana. Isidore alimgeuza, akampapasa mgongo wote kwa kidole, polepole, kisha akatoka nje kufuta miwani yake. Mtoto ni mzima. Tumempa jina lako.

Msalimie kaka Eugène na majirani wote wa kambini. Mungu akutunze mpaka utakapompakata.

Binti yako,
Divine, mama wa Godelieve mdogo