Kukhu Anangoja Jina la Mto

Baba mpendwa, miguu inaendeleaje na hii baridi? Usishangae kuona simba kwa kadi. Duka zima kule Kitale lina simba na twiga tu, mlima wetu hakuna.

Jana nilifika kijijini Kwanza, kwa Kukhu, mama yako. Amekonda, Baba. Uji anaonja vijiko viwili anasukuma bakuli. Nilibeba ile redio ya kaseti nirekodi shairi lake la mlima wakati bado ana sauti. Nikamtoa nje kwa kiti, akageukia mlima, ingawa mawingu yalikuwa yameufunika wote. Akaita kilima cha kwanza, kile alikozaliwa, kisha akaniangalia akingoja.

"Endelea tu, Kukhu, inarekodi."

"Naendeleaje na hujajibu?"

Kumbe anayesikiliza ndiye hutaja mto unaoteremka kutoka kilima hicho, ndipo yeye aende kwa kile kinachofuata. Miaka yote alijibiwa na mumewe, marehemu Kuka. Mimi nikasema siujui.

"Basi umekauka," akasema, akaomba arudishwe ndani.

Kaseti ina mstari mmoja, halafu mvua kwa mabati, maana nilisahau kuizima. Majibu unayajua wewe peke yako, Baba, na hukutufundisha. Tangu tumzike Kuka hujakanyaga hapa. Njoo. Leo asubuhi mlango ulipobishwa, Kukhu aliita kile kilima tena, akangoja.

Alikuwa jirani ameleta maziwa.

Nakupenda hata nikikukasirikia,
Nasimiyu wako