Mstari Niliouhamisha

Mwalimu Wanyonyi,

Nakuandikia kutoka Kitale, katika kile chumba chetu nyuma ya duka la dawa la hospitali. Ni saa nane mchana na nimefunga mlango kwa ndani. Sijui barua ya mtu aliyezikwa hupelekwa wapi. Lakini kila nikimfikiria mtu wa kumwambia hili, ni wewe tu.

Nimelipata lile kosa. Hukulifanya wewe. Ni mimi.

Ngoja nieleze polepole. Wewe hukupenda mtu anayerukaruka.

Baada ya wewe kufutwa kazi, kompyuta yetu ya kuandika dozi za wagonjwa ilifungiwa stoo na wauguzi wakarudia kadi za mkono. Halafu ukafa. Habari ilinikuta likizoni kwetu Cheptais, tukivuna viazi. Nilikaa chini palepale shambani, dada zangu wakadhani nimeumwa na nyoka. Miezi miwili baadaye daktari mkuu mpya akaniita. "Chemutai, wagonjwa wa TB wamekuwa wengi na kadi zinapotea. Hii mashine yenu inaweza kufufuka, ama niitupe?" Nikasema inaweza. Nilitaka kuonyesha kwamba kosa lilikuwa la printa, la stima, la shetani, la yeyote isipokuwa wewe.

Wiki tatu sikuona kitu. Nachapisha orodha ya dawa, inatoka sawa. Kisha nikafanya kama siku ya kliniki: duka la dawa likichapisha, na wodi ya watoto ikiingiza majina wakati huohuo. Karatasi ikatoka na jina la mgonjwa mmoja na dozi ya mwingine.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Nilikuja kwako karani wa kupiga taipu, sijui hata kiini cha mfumo ni kitu gani. Ukasema, kwa ule mdomo wenu wa Bumula: "Chemutai, kiini ndiyo mwenye nyumba. Programu ikitaka nafasi ya kuweka maneno yake, inaomba kiini. Ikimariza, inarudisha. Ikirudisha haraka, kiini kinapatia mwingine, na huyo mwingine anaandika juu ya maneno yako. Si umeerewa?" Nikasema nimeelewa. Ukanichorea masanduku kwa chaki sakafuni, mama wa kufagia akatugombeza sisi wote wawili.

Sikuwa nimeelewa.

Mama Nafula, mke wako, alinitumia diski zako za flopi ndani ya boksi la viatu. Niliweka nakala yako ya zamani kando ya ile iliyo kwenye mashine, nikasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Ile sehemu ya kiini uliyoiandika mwenyewe, inayounganisha skrini za wodini, ni ileile isipokuwa mahali pamoja. Kwako, nafasi inarudishwa baada ya printa kumaliza. Kwenye mashine inarudishwa kabla. Mstari mmoja tu umepandishwa juu.

Nikakumbuka. Ulikuwa umeenda nyumbani kumzika baba yako. Mashine ilikuwa inajaa na kukwama, wauguzi wananung'unika, nami nikataka ukirudi ukute nimeitengeneza. Nikaona nafasi inachelewa kurudishwa, nikaupandisha ule mstari. Kukwama kukapungua. Nilifurahi hata nikajinunulia soda. Uliporudi nikakuambia, "Mwalimu, nilisafishasafisha kidogo." Ukacheka.

Wiki iliyofuata mtoto Sarah, wa miaka mitatu, akadungwa sindano ya TB kwa dozi ya mtu mzima siku tisa mfululizo, muuguzi akifuata ile karatasi. Hakufa. Lakini masikio yake yalizimika, na hayajarudi.

Kwenye mkutano daktari wa wakati ule aliuliza, "Nani aliandika hii kitu?" Ukasimama. "Programu ni yangu." Nilikuwa viti viwili kutoka kwako, nikikuonea huruma. Huruma, Mwalimu! Mimi!

Ulipewa saa moja ya kukusanya vitu vyako, ukaimaliza yote mbele ya mashine, ukisoma. Kisha ukanipa mkono: "Chemutai, soma mara tatu kabla ya kugusa." Baada ya kugundua ukweli, nimekuwa nikiyashikilia maneno hayo. Nilijiambia uliuona mkono wangu pale, ukaninyamazia kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Niliomba Mungu iwe hivyo. Afadhali uwe ulijua.

Nimerudisha mstari mahali pake. Siku kumi na mbili sasa, skrini zote nne zikiandika pamoja, hakuna jina lililochanganyika. Ile ya kukwama nayo nimeipata: stima ikikatika wodini, nafasi ilikuwa hairudishwi kabisa. Hilo ndilo kosa lililokuwa lako. Dogo. Halingemuumiza mtu.

Nilimweleza daktari yote. Ameandika barua kwamba si wewe, ina sahihi na muhuri. Niliipeleka Bumula Jumapili baada ya kanisa. Mama Nafula aliisoma amesimama, mahindi mikononi. Akaikunja. Akasema, "Alikuwa anakaa hapo mlangoni na daftari kila siku, anatafuta alipokosea. Mpaka akashindwa kushika kalamu. Ungekuja akiwa hai."

Basi hukujua.

Hakunifukuza. Alinipa maji. Nikaenda kaburini kwako, nikang'oa magugu, nikarudi. Ulikufa ukiamini ulimharibu mtoto wa watu, na mimi nilikuwa hapa Kitale, nakunywa chai ya saa nne, na jibu liko mikononi mwangu. Sijui mtu anaishije na hilo. Sijui, Mwalimu. Nimesoma mara tatu na bado sijui.

Jumamosi naenda Suam. Mama yake Sarah anauza vitunguu pale mpakani, na mpaka leo anamlaani mwanamume wa Bumula. Nitamwambia jina langu na nililolifanya, mchana kweupe, mbele ya wenzake wa sokoni. Akinipiga, nitasimama. Akilia, nitakaa naye. Akinifukuza nitarudi wiki inayofuata, mpaka jina lako litoke katika laana zake.

Hilo nakuahidi. Kupona siahidi.

Mulembe, amani kwako, Mwalimu. Pumzika, usitafute tena.

Mwanafunzi wako,
Chemutai